Kompyuta za steshenari zinajiapdeti wateja wakiwa kwenye foleni, nifanyeje?

Dada_Chapa

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari Morogoro, karibu na chuo: kompyuta tatu, printa mbili na rauta ya laini ya simu ambayo naiwekea bando mwenyewe. Kazi kubwa ni kuchapa na kutoa kopi, na msimu wa maombi ya mkopo tunawajazia wanafunzi fomu mtandaoni.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya kukabidhi ripoti za field. Nimefungua duka, watu wameshajaa kibarazani, nawasha kompyuta yenye printa, inaniandikia kwamba inashughulikia apdeti na nisiizime. Asilimia ikapanda hadi 30 ikaganda hapo. Binti mmoja mwisho wake ulikuwa saa nne asubuhi, flashi ameishika na mikono inamtetemeka. Nikampeleka mwenyewe duka la jirani. Wengine wakafuata, na siwalaumu. Mchana nacheki salio, bando limeliwa lote na hakuna aliyefungua hata video moja.

Siyo mara ya kwanza. Na umeme wetu mnaujua; kila nikiiona ile asilimia roho inakuwa juu, nikifikiria ukikatika katikati itakuwaje.

Fundi anayenitengenezea printa anasema atazima apdeti moja kwa moja kwenye zote tatu. Nimkubalie? Naomba ushauri, hasa kwa wenye maduka kama langu.

kamanda_wa_zamu

Mkubalie. Andika services.msc, tafuta Windows Update, weka Disabled. Biashara kwanza.

Fundi_Ilala

Dada pole sana. Usimkubalie bado, soma kwanza hapa. Mfumo hukuutaja, nitaeleza kwa Windows kwa kuwa ndiyo imejaa kwenye steshenari.

Mkifunga usiku mnazima kompyuta na kuchomoa kwenye umeme, sivyo? Basi shida inaanzia hapo. Microsoft hutoa apdeti za usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu wa tangu Oktoba 2003. Kwa saa zetu huwa saa mbili au saa tatu usiku. Kesho yake ukiwasha, kompyuta inaziona na kuanza kuzishusha kwa bando lako huku unachapa. Kisha inasubiri muda usioitumia ili iziweke na kujiwasha upya. Muda huo ni usiku, na usiku umeizima. Zinarundikana, mwishowe zinamaliziwa wakati wa kuzima na kuwasha, yaani asubuhi ile ile ambayo kibaraza kimejaa.

Dawa yake ni wewe kuzipangia siku.

Anza na bando. Ingia Settings, Network & internet, fungua Wi-Fi yako, washa "Metered connection", yaani unaiambia kompyuta kwamba mtandao huu ni wa bando la kupimiwa. Halafu kwenye Windows Update, Advanced options, hakikisha "Download updates over metered connections" imezimwa. Hapo kompyuta itaacha kushusha mizigo mikubwa bila wewe kutaka, ingawa chache za dharura zinaweza kupenya. Lakini angalia sana: mpangilio huu unashika Wi-Fi moja moja. Siku rauta imeishiwa ukahamia hotspot ya simu, kompyuta inaiona kama mtandao mpya usio na kikomo na inashusha kwa nguvu zote. Hapa ndipo wateja wangu wengi wanapoliwa.

"Active hours", yaani saa zako za kazi, nazo ziweke kwa mkono, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano usiku. Hizo ni saa 17. Ukomo ni 18. Zinazuia kompyuta kujiwasha upya kazini, hazizuii kushusha.

Na kuna "Pause updates". Inasitisha hadi wiki tano, hata kwenye Windows ya Home, ambayo kabla ya 2019 haikuwa na kitufe hicho. Kibonyeze ukijua wiki za field au za mkopo zinakaribia. Muda ukiisha lazima uziweke kwanza ndipo ikuruhusu kusitisha tena, kwa hiyo usisubiri siku ya mwisho.

kamanda_wa_zamu

Mkuu nakuheshimu, ila hesabu kazi uliyompa dada wa watu. Kompyuta kanunua yeye, umeme analipa yeye, bando analipa yeye. Kwa nini mtu aliye Marekani aamue lini duka la Morogoro lisimame? Mwaka 2016 mwanamke wa California mwenye ofisi ya safari aliishtaki Microsoft, kompyuta yake ya kazi ilijaribu kuingia Windows 10 bila ruhusa yake ikawa haitumiki. Mahakama ikampa dola 10,000 na kampuni ikaacha rufaa. Kwa hiyo hata kwao wanajua hili ni kosa.

Fundi_Ilala

Kwenye umiliki niko na wewe mia kwa mia. Mwenye kompyuta ndiye aamue saa, na mtu anayepima intaneti kwa MB amesahauliwa kabisa na wanaotengeneza hivi vitu wakiwa na intaneti isiyo na kikomo. Linaniuma kila siku.

Ila kuzima moja kwa moja sikubali, na sababu ni aina ya duka lake. Kompyuta ya steshenari inapokea flashi za chuo kizima. Kinga ya Defender iliyomo ndani ya Windows hupata orodha ya virusi vipya kupitia huduma hiyo hiyo ya Windows Update. Ukiifunga, kinga inaweza kubaki na orodha ya zamani, na mwanafunzi akaondoka na kirusi kwenye flashi yenye utafiti wake. Halafu huduma yenyewe haikai imefungwa, ndani ya Windows kuna nyingine ambayo kazi yake ni kuifufua. Utalipa fundi, na itarudi.

Kumbuka pia WannaCry, kirusi cha Mei 2017. Ilifunga mafaili ya watu dunia nzima ikidai pesa, hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Apdeti ya kuziba tundu lile ilikuwa imetoka Machi, karibu miezi miwili kabla. Mashine zilizokuwa na apdeti hiyo hazikuingiliwa kupitia tundu lile.

Saiba_Eldoret

Dadangu pole, mimi nina saiba huku Eldoret na hiyo shida naijua vizuri. Naongezea mawili ambayo Fundi hajasema.

Usilipie bando mara tatu. Kwenye Windows Update, Advanced options, kuna "Delivery Optimization". Washa "Allow downloads from other PCs" na uchague za mtandao wa ndani pekee, si za intaneti. Kompyuta moja ikishashusha, zingine zinachukua sehemu kubwa kutoka kwake kupitia rauta. Lakini haifanyi kazi Wi-Fi ikiwa metered, kwa hivyo usiku wa apdeti unaizima ile metered kwa muda, ukimaliza unairudisha.

La pili ndilo kubwa kwangu. Kompyuta yenye printa iwe ya mwisho, kila mara. Machi 2021 ilitoka apdeti ambayo ukituma kazi kwa baadhi ya printa, kompyuta inapata skrini ya bluu na kuzima. Marekebisho yalitoka ndani ya wiki, lakini kwa mtu wa kuprinti wiki ni kodi ya nyumba. Kwa hivyo sasa naanza na ile ya wateja ya kuvinjari. Nikiona siku mbili tatu imetulia, nafuata na zingine. Ikileta shida unaingia Update history, kisha Uninstall updates, unaitoa.

Mama_Bahati

Kuhusu umeme: nunua UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) hata ndogo, ya kompyuta ya printa pekee. Usiku wa apdeti ihamishie ile unayoshughulikia. Na kama mtandao wako una bando la usiku, subiri lianze ndipo ubonyeze.

Dada_Chapa

Asanteni sana, Mungu awabariki. Ni kweli kila usiku tunazima na kuchomoa, sikujua vinahusiana. Nimeshaweka metered kwenye zote, na fundi nimempigia aache. Jumatano baada ya hiyo Jumanne ya pili nitabaki dukani na mdogo wangu.

Swali moja la mwisho. Kompyuta moja ni ya zamani, ina Windows 10, na inakataa kwenda 11. Hiyo naifanyaje?

Fundi_Ilala

Hiyo ndiyo ya kuwa nayo makini. Windows 10 ilifikia mwisho wa apdeti zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo inavyokataa haijaharibika. Microsoft ilifungua mpango wa kuongezewa apdeti za usalama hadi Oktoba 2026. Tafuta neno "Enroll" kwenye ukurasa wa Windows Update. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi.

Baada ya hapo naona uihamishie Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, mfano Ubuntu au Mint, ibaki ya kujazia fomu kwenye kivinjari. Ubuntu nayo huweka apdeti za usalama yenyewe, ila kwa kawaida haijiwashi upya bila wewe kutaka. Kabla ya kuihamisha, iwashe kwanza kwa flashi bila kufuta kitu, uunganishe printa zako zote mbili na uchape karatasi. Printa isiposhika hapo, ibakize kwenye fomu tu na flashi za wanafunzi zisiingie humo.

Saiba_Eldoret

Na nakala za mafaili ya wateja uziweke kwenye diski ya nje kabla ya hiyo Jumatano, dadangu. Oktoba 2018 kuna toleo la Windows lilifuta nyaraka za watu, likaondolewa baada ya siku chache.