Tupeane uzoefu: geji za ziada na marekebisho ya dashibodi kwenye gari la spoti

#1

Wakuu, uzi huu ni wa wenye magari ya spoti wanaotaka kuongeza geji au kuipendezesha dashibodi bila kuiharibu. Picha za geji sita zilizopangwa juu ya dashi zimejaa kila mahali. Kinachokosekana ni maelezo: sensa inakaa wapi, athi (waya hasi unaorudi kwenye bodi) inafungwa wapi, na kwa nini mshale unacheza ovyo. Mwenye kujua aweke vipimo.

Naanza na uchaguzi. Gari lisilo na tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) linatosheka na geji tatu: presha ya oili, joto la oili, joto la maji. Lenye tabo ongeza presha ya tabo na geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Voltimita ina maana kwenye gari la zamani lenye altaneta iliyochoka: injini ikiwaka isome volti 13.8 hadi 14.4, ikizimwa na betri ikapumzika isome karibu 12.6. Zaidi ya hapo unajaza dashi tu. Ukiwa kwenye kona kwa kasi, jicho lina nafasi ya kutupa macho mara moja, haliwezi kusoma geji sita.

Na msiziamini sana geji za kiwandani. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza ilikuwa na geji halisi ya presha ya oili hadi modeli ya 1994. Kuanzia 1995 mshale ule unaendeshwa na swichi: presha ikivuka kiwango kidogo tu, unapanda na kutulia hapohapo. Geji ya maji nayo, kwenye magari mengi, imetengenezwa itulie katikati ndani ya upana mkubwa wa joto ili dereva asisumbuke. Ukiiona inapanda, injini imeshapata joto baya kitambo.

Saizi ni mbili za kawaida, 52 mm na 60 mm. Ya 52 inaingia karibu popote. Ya 60 ifae katikati ya dashi, mbali kidogo na macho. Chagua uso ambao mshale unazunguka nyuzi 270. Ule wa nyuzi 90 unabana namba kiasi kwamba tofauti ya nusu bar (kipimo cha presha) huioni.

#2

Presha ya oili ndiyo inayookoa injini, na ndiyo inayofungwa vibaya kuliko zote.

Taa nyekundu ya kiwandani huwaka presha ikishuka chini ya takriban bar 0.3 hadi 0.5. Injini inayozunguka 6000 rpm (mizunguko kwa dakika) ikiwa na bar 1 tu inakula beringi zake, na taa bado imezima. Kipimo cha haraka ambacho mafundi wengi hukitumia ni bar 0.7 kwa kila 1000 rpm, oili ikiwa moto. Bila kukanyaga mafuta, bar 1 hivi kwenye injini ya moto ni jambo la kawaida. Asubuhi oili ikiwa nzito mshale ukifika bar 5 usishtuke, subiri ipate moto ndipo uhukumu. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho.

Cha kutazama zaidi ni kona ndefu. Mshale ukishuka ghafla katikati ya kona na kurudi barabara inaponyooka, oili inakimbilia upande mmoja wa karta (bakuli la oili chini ya injini) na pampu inavuta hewa. Kwanza hakikisha kiwango kiko juu kwenye kijiti. Tatizo likibaki, karta inahitaji vizuizi vya ndani.

Sasa meno ya skrubu. Injini nyingi za Kijapani zina tundu la 1/8 BSPT (kiwango cha Uingereza), lenye meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi za geji za Marekani ni 1/8 NPT (kiwango cha Marekani), meno 27 kwa inchi. Zinafanana kiasi kwamba moja inaingia kwenye nyingine mizunguko miwili au mitatu kisha inakaza, na mtu anadhani imefika. Ukilazimisha, inavuja, au aluminiamu ya tundu inapasuka. Tafuta adapta sahihi kabla ya kufungua chochote, na upime sensa yako kwa geji ya meno, usiamini maandishi ya boksi peke yake.

Usiitoe swichi ya kiwandani. Weka kiungo cha T ili taa nyekundu ibaki ikifanya kazi. Lakini usining'inize T, adapta na sensa nzito moja kwa moja kwenye bloku: mtikisiko unaikata shingo ya adapta, na oili inamwagika kwa presha yote. Tumia hosi fupi iliyosukwa kwa chuma, kisha sensa ifungwe kwa brakti kwenye bodi.

#3

Naongezea kwa #2. Sensa yenye waya mmoja inapata athi kupitia mwili wake. Ukiihamishia kwenye brakti, au ukiizungushia tepu nyeupe ya mabomba tabaka nyingi, athi inakatika na mshale unalala sifuri, au unaruka hadi mwisho, kutegemea aina ya geji. Tumia dawa ya kuzibia meno ya majimaji, kidogo, ukiacha meno mawili ya mbele makavu ili vipande visiingie kwenye njia ya oili. Kama sensa iko mbali na bloku, funga waya wa athi kwenye mwili wake kwa kibanio cha chuma, uende hadi kwenye bolti ya injini.

Kosa hilohilo linajirudia kwenye joto la maji. Watu hukata hosi ya juu ya rejeta na kuweka adapta ya aluminiamu, 32, 34 au 36 mm kutegemea gari. Adapta hiyo imeshikwa na mpira pande zote mbili, haigusi chuma chochote. Adapta nzuri ina tundu dogo la skrubu kwa ajili ya waya wa athi, litumieni.

Jueni pia inapima nini. Kama thamostati iko kwenye njia ya kutokea maji ya injini, sensa iliyo kwenye hosi ya juu itasoma baridi hadi thamostati ifunguke, kisha mshale utaruka. Hiyo siyo hitilafu. Na maji yakimwagika yote, sensa inabaki kwenye mvuke na hewa, inaweza kusoma chini wakati injini inaungua. Kwa gari linalokwenda uwanjani, swichi ya kiwango cha maji au ya presha ya mfumo wa maji yenye taa kubwa ina thamani kuliko geji ya pili ya joto.

#4

Joto la oili: njia ya kawaida ni adapta inayokaa kati ya bloku na filta. Honda, Mazda na Subaru nyingi zina meno ya M20x1.5 kwenye filta, magari mengine mengi ni 3/4-16 UNF. Kabla ya kufunga, hakikisheni raba ya filta ya zamani haikubaki imeganda kwenye bloku, na kwamba raba ya adapta inakaa nzima kwenye sehemu bapa. Ikikaa nusu kwenye ukingo itashika ukiwa unajaribu bila kukanyaga mafuta, halafu itatapika oili ukipanda 5000 rpm.

Sensa ya kwenye bolti ya kumwagia oili ni rahisi, ila iko chini kabisa ya gari, na gari la spoti limelala. Jiwe moja au tuta moja, waya umekwenda.

Nyuzi 90 hadi 110 za Selsiasi ni pazuri. Chini ya 80 usikanyage hadi mwisho. Ikipita 130, punguza mwendo na fikiria kupozea oili.

#5

Kwa wenye tabo.

Bomba la presha ya tabo lichukuliwe baada ya throto (mlango wa hewa ya injini), kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, ili geji isome pia mvuto. Watu wengi huweka T kwenye kibomba cha regyuleta ya mafuta (inayodhibiti presha ya mafuta) kwa sababu kiko karibu. Kikichomoka, regyuleta inapoteza ishara na presha ya mafuta inakosea wakati injini iko kwenye mzigo. Tafuteni tundu jingine, na kila ncha ifungwe kibanio. Geji ya umeme yenye sensa ya bar 3 inaondoa kabisa kibomba ndani ya kabini.

Hapo niseme wazi: bomba la petroli lisiingie ndani ya gari kamwe, na geji ya mekanika ya oili yenye mrija wa nailoni ni hatari vilevile. Mrija ukipasuka, oili ya nyuzi 100 inamwagikia miguu yako. Tumieni za umeme.

Geji ya mchanganyiko nyingi zinatumia sensa ya Bosch LSU 4.9, meno M18x1.5. Ikae baada ya tabo, sm 45 hadi 60 mbele kwenye bomba, kabla ya katalisti (kichujio cha moshi), na iinuliwe angalau nyuzi 10 juu ya mstari wa ulalo ili maji yanayoganda ndani ya ekzosi yasiingie kwenye sensa. Tone moja la maji kwenye kauri iliyo moto linaipasua. Tundu la kuvuja kabla ya sensa linaingiza hewa na kufanya isome mafuta machache kuliko ukweli. Petroli: 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta ni uwiano kamili. Ukikanyaga hadi mwisho, injini isiyo na tabo iwe karibu 12.5 hadi 13, yenye tabo kati ya 11 na 12. Sensa ikiwa kwenye ekzosi lazima iwe na umeme muda wote injini inapowaka, isipopashwa moto inashika masizi na kufa. Ukichomoa geji, chomoa na sensa, uzibe tundu kwa bolti yake.

#6

Nyaya, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia.

Geji inahitaji umeme wa kudumu kama ina kumbukumbu, umeme wa swichi, waya wa taa za usiku, na athi. Umeme wa swichi uchukue kwenye laini ya IGN (ya kuwasha injini). Ile ya ACC (ya redio na vifaa) inakatika unapopiga stata, geji za kidijitali zinazima na kuanza upya. Fyuzi ya ampia 3 hadi 5 inatosha, na iwe karibu na chanzo.

Athi za geji zote zikutane sehemu moja, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukizitawanya, kila taa ya mbele ikiwaka mishale inasogea kidogo, kwa kuwa umeme wa taa unapita njia moja na athi ya geji.

Waya wa taa unachanganya wengi. Kwenye magari mengi ya Kijapani dima (swichi ya kupunguza mwanga wa dashi) inadhibiti upande wa athi, siyo chanya. Ukiunga athi ya taa ya geji kwenye bodi, itawaka ila haitapungua mwanga. Pima kwa multimita huku ukizungusha dima kabla ya kukata waya wowote.

Viunganishi vya plastiki vinavyochoma waya kwa kisu viacheni, vinakata nyuzi za ndani na kushika kutu. Bana kwa koleo sahihi, weka mpira unaonywea kwa moto. Risasi ya kulehemu ni sawa mahali patulivu, lakini panapotikisika waya unakatika pembeni ya risasi. Kwenye ukuta wa injini pitisha kwenye gromiti ya mpira, na nyaya za sensa ziwe mbali na koili.

Kabla ya kugusa chochote kwenye usukani au nguzo ya kioo cha mbele, chomoa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa. Viunganishi vya njano ni vya eabegi, havipimwi kwa multimita.

#7

Upande wa muonekano. Nyumba ya geji kwenye nguzo ya kioo inapendeza kwenye gari la zamani. Gari lenye eabegi za pembeni zinazoshuka kutoka darini, usitoboe nguzo hiyo na usiifunike. Mahali pazuri ni kwenye tundu la hewa la katikati, chumba cha redio, au sehemu ya saa.

Ufundi wa magari ya mashindano unaofaa hata barabarani: zungusha kila geji ndani ya tundu lake hadi mshale, injini ikiwa moto na hali ni nzuri, uelekee juu kabisa. Namba zinakaa mshazari, sawa, huhitaji kuzisoma. Mishale yote ikisimama endelea. Mmoja ukilala unauona bila kutafuta. Nadhani hakuna pambo la dashibodi linalozidi hilo.

Rangi ya taa ilingane na ya kiwandani. Uso mweusi wenye maandishi meupe unasomeka mchana na usiku, uso mweupe unang'aa sana gizani. Pete za kromu na kaboni inayong'aa juu ya dashi zinaakisi kwenye kioo cha mbele, chagua isiyong'aa. Na usukani: kutoka 370 mm kwenda 350 mm ni sawa, lakini kaa kwenye kiti chako ukiwa nao mkononi kwanza, maana ukingo wa juu mara nyingi unafunika tacho (geji ya mizunguko ya injini). Ukiondoa usukani wenye eabegi umeondoa kinga ya kichwa chako, lipime hilo kwa uzito wake.

Kila kipande cha kiwandani kihifadhiwe kwenye boksi. Toboa paneli ya ziada, ya asili iache nzima.

#8

Balbu za LED kwenye klasta (geji za kiwandani mbele ya dereva): nyingi ni za saizi T5 na T10, zina upande, isipowaka igeuze. Ila ya taa ya chaji iacheni ya kawaida. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha altaneta unapita ndani ya balbu hiyo, LED inaubana na altaneta haichaji hadi upandishe mzunguko, au haichaji kabisa.

Mkibadili matairi, spidi inabadilika. 185/60R14 ina kipenyo cha karibu 578 mm na 195/50R15 ni 576, hakuna tofauti ya maana. 205/50R15 ni 586, mshale utasoma pungufu kwa asilimia 1.5 hivi.

#9

Na kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, kinachosoma kila kitu kwenye skrini moja, hakitoshi?

#10

Kwa joto la maji kinatosha, mkuu. Presha ya oili magari mengi hayaitoi kwa njia hiyo, na mengi hayana sensa yake, yana swichi tu. Magari ya mwanzo ya OBD2 (toleo la pili la mfumo huo) yanajibu polepole, ukiomba vipimo vitano kwa pamoja kila kimoja kinachelewa, wakati presha inaweza kuanguka na kurudi ndani ya sekunde moja. Pini namba 16 ya soketi ina umeme wa betri muda wote, hivyo gari likikaa wiki kadhaa bila kuwashwa kichomoe.