Huyu mtu wa maabara leo kanidhalilisha mbele ya darasa zima

Terminali_Nyeusi:
Wakuu, leo sisalimii mtu, nimevurugwa. Mliopita pale chuoni mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa miwani shingoni, anayeingia maabara kama anakagua gwaride.

Kazi ilikuwa ya lugha ya C, kwenye Ubuntu, kila kitu kwa terminali. Programu inapokea namba na kutoa kipeuo chake cha pili. Nikaiita gcc, kompaila yetu:

gcc -Wall -lm kipeuo.c -o kipeuo

Imekompaili bila onyo hata moja. Ilipofika kwenye kulinki (kuunganisha programu na laibrari zake): undefined reference to `sqrt'. Na -lm, ile ya kuita laibrari ya hesabu yenye sqrt, nimeiweka! Ipo pale, hata kipofu anaiona! Nikamwita kwa adabu zote, "Mwalimu samahani, nimekwama hapa."

Hakuuliza kitu. Kanisukuma na kiti changu, kaikata -lm, kaibandika mwisho wa amri, kapiga Enter, ikakubali. Halafu kawageukia wenzangu: "Huyu hata kupanga amri hajui, na mwakani anataka kazi!" Maabara nzima kicheko, hadi walinzi wa getini nadhani walisikia.

Angesema sentensi moja tu angekufa? Linka inasoma kushoto kwenda kulia. Ikikuta laibrari kabla ya faili inayoihitaji, inaona hakuna anayedai kitu, inaiacha na kusonga mbele. Basi! Hilo nimekuja kulisoma mwenyewe kwenye man ld, mwongozo wa linka. Yeye analipwa kulisema, kaona bora anicheke.

"Mwakani anataka kazi." Mbele ya watu! Mbele ya yule dada wa safu ya mbele!

mjukuu_wa_bash:
Pole mkuu, ila hapo kwa dada wa safu ya mbele ndipo penye uzi wenyewe. -lm ni kisingizio 😂😂

BintiPointa:
Namjua huyo! Mimi ilikuwa C++. Nilitumia gcc badala ya g++, makosa ya std::cout yakajaa skrini nzima, akaniambia "zima mashine ukapike". Kumbe gcc inakompaili .cpp vizuri tu, ila hailinki laibrari ya C++ yenyewe. Hakusema.

Terminali_Nyeusi:
Ukapike?! Huyo ni wa kushtakiwa. Lakini mimi kanisukuma na kiti, mbele ya darasa ZIMA.

BintiPointa:
Kwani mimi nilikuwa na kuta? Acha kushindana.

Mzee wa Makefile:
Vijana mnalialia kwa -lm. Hamjakutana na Makefile, faili ya maelekezo ya make, ile programu ya kujengea programu. Umeweka nafasi nne badala ya tab moja, inakujibu "missing separator. Stop." Kwa macho mstari ni uleule! Stuart Feldman aliandika make pale Bell Labs mwaka 1976, na hadi leo ukisakinisha inakudai tab. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

kimya_kingi:
Mtoa mada, waliokucheka waangalie vizuri. Ukiandika sqrt(16.0) moja kwa moja, gcc inakokotoa yenyewe wakati wa kukompaili, wala haiiti laibrari. Inakubali hata bila -lm. Wengi wao walipita kwa mlango huo.

Terminali_Nyeusi:
ASANTE! Ndivyo walivyofanya! Namba wameziandika humohumo kwenye programu, halafu wananicheka mimi niliyepokea namba ya mtumiaji kama swali lilivyotaka! Na yeye kasimama pale anasema "mwakani anataka kazi"!

dogo_wa_tunda:
Mbona kwenye Mac -lm haihitajiki kabisa? Unaiacha tu.

mjukuu_wa_bash:
Mac ya nani dogo? Hiyo ni ada ya mwaka na chenji inabaki kwa muuzaji.

Kikombe cha Java:
Nyie wa C mnadeka. Faili ipo, klasi ipo, folda ni hiyohiyo, Java inakwambia "Could not find or load main class". Tuombeeni sisi.

Mzee wa Makefile:
Java si lugha, ni adhabu.

Kikombe cha Java:
Mzee malizana na tab zako kwanza.

Terminali_Nyeusi:
Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kanisukuma na kiti.

BintiPointa:
Mzee wa Makefile, Vim yangu ninayoandikia kodi, kila nikibonyeza tab inaweka nafasi. Nifanyeje?

Mzee wa Makefile:
:set noexpandtab, binti yangu. Na ile mistari ya zamani ifute uiandike upya.

dogo_wa_tunda:
Na kwenye Nano?