Malalamiko: Riwaya ya Ufaransa wakati wa vita iliyogeuza kijiji kizima kuwa pambo

Ndugu wasomaji wenzangu, juzi usiku nimemaliza riwaya ya Kifaransa ya kurasa zaidi ya 400, na hasira niliyolala nayo haijapoa hadi leo. Jina lake silitaji, kwa kuwa kosa hili nimelikuta katika riwaya nyingi za aina hiyo. Hadithi yake inakwenda katika nyakati mbili: miaka ya Vita Kuu ya Pili katika kijiji kimoja cha mkoa wa Corrèze, na siku hizi, ambapo mwanamke kutoka Paris anarithi nyumba ya mawe ya bibi yake na kukuta barua za zamani darini.

Mwandishi anatuwekea maofisa wa Kijerumani waliopanga katika nyumba ya meya mwaka 1941. Corrèze yote wakati huo ilikuwa upande wa kusini uliobaki chini ya serikali ya Kifaransa ya Pétain, iliyoshirikiana na Wajerumani na kuwa na makao yake katika mji wa Vichy, na majeshi ya Ujerumani hayakuingia kulikalia eneo hilo hadi tarehe 11 Novemba 1942. Msiniambie kwamba hiyo ni tarehe tu. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo, kabla Mjerumani hajavuka mstari uliotenganisha eneo lake na la kusini, polisi wa Kifaransa ndio waliopita katika eneo hilo la kusini wakikamata Wayahudi wa kigeni na kuwakabidhi kwa Wajerumani. Ukimleta Mjerumani mapema, unamwondolea lawama Mfaransa aliyeandika orodha ya majina na aliyegonga mlango. Ndiyo maana katika kijiji cha riwaya hii hakuna jirani aliyemchongea jirani yake, wala kijana wa kijijini aliyejiunga na Milice, kikosi cha Wafaransa kilichoundwa Januari 1943 kuwawinda Wafaransa wenzao. Kila mtu ni shujaa.

Vijana waliokimbilia msituni wanatokea usiku, wanakula supu, kisha wanatoweka. Hatuambiwi kwamba wengi wao walikuwa wakikwepa sheria ya Februari 1943 iliyowapeleka kufanya kazi ya lazima Ujerumani, wala hatuoni hofu ya mkulima aliyewalisha huku akijua kwamba mkate mmoja ungeweza kumletea moto nyumbani.

Na moto ulikuja kweli. Tarehe 9 Juni 1944, mjini Tulle, katika mkoa huohuo wa Corrèze, askari wa divisheni iitwayo Das Reich, ya SS, jeshi la chama cha Nazi, waliwanyonga wanaume 99 kwenye roshani na nguzo za taa. Kesho yake askari wa divisheni hiyohiyo waliingia kijiji cha Oradour-sur-Glane, wakawapiga risasi wanaume, wakawafungia wanawake na watoto kanisani na kuwateketeza. Waliokufa ni 643. Riwaya imeyapa mambo haya mistari minne, na sura tatu nzima imezitoa kwa mrithi wetu akichagua mapazia na kumsubiri fundi mwashi mwenye macho ya kijivu. Magofu ya Oradour yameachwa hadi leo kama yalivyokuwa, na kutoka Corrèze ni safari ya gari isiyozidi saa mbili. Mwanamke huyu anayedai kutafuta ukweli wa bibi yake hakanyagi huko hata mara moja!

Sehemu ya siku hizi nayo ni uongo mtupu. Duka la mkate limefunguliwa, mkahawa umejaa, wazee wanacheka uwanjani, ilhali vijiji vingi vya aina hiyo vimepoteza shule na maduka yake, na nyumba nyingi madirisha yake hufunguliwa Agosti tu.

Kwetu sisi Waafrika kuna jeraha jingine. Addi Bâ, mzaliwa wa Guinea, aliyetoroka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1940, aliishi katika kijiji cha Tollaincourt huko Vosges, mashariki mwa Ufaransa, akashiriki kuanzisha kambi ya wapiganaji msituni, na akapigwa risasi Épinal mwezi Desemba 1943. Waafrika kama yeye walikuwamo vijijini. Ndani ya kurasa 400 na ushei sikumkuta Mwafrika hata mmoja, hata akipita njiani.

Kama kuna aliyewahi kusoma riwaya ya nyakati mbili iliyomwacha jirani msaliti azungumze kwa kinywa chake mwenyewe, naomba aitaje hapa. Hiyo nitainunua.