Wauza mapezi ya kaboni acheni kutubambikia magumu, kuna watu watafia majini

Wakuu habari za saa hizi, mi niko Mtwara na leo nina hasira kwelikweli. Laki tisa. Laki tisa nilizojibana toka msimu wa korosho nimetuma Dar kwa muuzaji wa mapezi ya kaboni, yale marefu ya kuvaa miguuni ukizamia, na nilimwandikia kila kitu, nina kilo 61, nazama pima sita mpaka nane (pima moja ni kama mita mbili kasoro) kwa pumzi moja, kaboni sijawahi kuvaa. Jibu lake: "Chukua magumu kaka, laini ni ya akina dada." Nikamwamini, si ndo mwenye bidhaa.

Mzigo ukaja na basi, tukaenda Msimbati mimi na mtoto wa mjomba. Maji mafu, bahari imelala kabisa, hata mkondo hakuna, na bado mzamo wa tatu narudi juu shavu la mguu wa kulia likakaza likawa gumu kama nazi, nikawa napiga mguu mmoja na pumzi ndo inaisha. Ndugu yangu alikuwa juu ananiangalia, akashuka akanidaka kwapani. Zilibaki kama pima mbili hivi. Na hapo ndo pabaya kuliko kote jamani, maana mita 10 presha ni mara mbili ya juu, ukipanda inashuka na nguvu ya oksijeni mapafuni inashuka nayo, ndo maana watu wengi wanazimika karibu na uso wa maji wakati wanajiona wameshafika. Ningekuwa peke yangu uzi huu usingekuwepo.

Nyumbani tukachukua mapezi ya zamani ya huyo ndugu yangu, ya plastiki, tukasimamisha ncha sakafuni tukakandamiza kwa mkono. La plastiki linapinda kama upinde. Langu linagoma, linapinda kidogo tu kule nchani, ukilazimisha unasikia kiatu, pale mguu unapoingia, ndo kinajikunja. Sasa pezi lisipokunjwa na mguu wako litakusukuma vipi? Goti ndo linakunja badala yake, unabaki kama unakanyaga baiskeli, mapaja yanaungua, na mapaja ndo yanakula oksijeni kuliko kitu kingine. Laini unapiga taratibu kutoka nyongani, unafika chini misuli bado mizima. Magumu yana watu wake, mwenye kilo 90, mwenye miguu ya mazoezi, anayepambana na mkondo wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana. Mambo ya mwanaume na mwanamke hayamo kabisa!!

Alafu kila kiwanda kina vipimo vyake vya ugumu, yanayoitwa "ya kati" kiwanda hiki yanaweza kuwa "magumu" kiwanda kile, kwahiyo huwezi kusoma namba ukajua, lazima muuzaji anayejua mzigo wake akuulize kilo, kina, na umezoea mapezi gani. Mi nilimwambia bila kuulizwa na hakusoma. Nimempigia anibadilishie, ananiambia mali ikiuzwa hairudishwi, sikupiga tena.

Kama kuna mdau kusini huku, Lindi au Kilwa hata Masasi, ana kilo 85 kwenda juu na ana kaboni laini inamchosha, tubadilishane. Yangu yamezama mara tatu tu, kiatu namba 41, yana mkwaruzo mmoja nchani nitakuonyesha. Njoo nayo Mikindani tuyajaribu majini kwanza, kila mtu avae ya mwenzake.