Mrejesho: Wapi tule Mji Mkongwe wikiendi

Wakuu, niliomba ushauri wa sehemu za kula Unguja, Ijumaa hadi Jumapili, mimi na mama yangu ambaye hali pilipili. Tumerudi Dar, ahsanteni sana.

Aliyesema twende mgahawa wa Lukmaan, Mkunazini, abarikiwe. Vyakula viko mbele yako, unachagua kwa macho. Mama alichukua pweza wa nazi na wali, na kesho yake akataka pale pale. Wahini kabla ya adhuhuri, baadaye panajaa.

Urojo tulikula uchochoroni: viazi, bajia, kachori, mishikaki, chipsi za muhogo juu, na ule mchuzi wa ukwaju na embe mbichi. Pilipili iliwekwa pembeni, mama akamaliza bakuli. Kwangu hicho ndicho chakula cha safari nzima.

Forodhani, kwenye soko la vyakula la usiku, nendeni wakati wa magharibi, na ulizeni bei kabla hamjachomewa. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu mno. Samaki tuliyepewa alikuwa amekauka.

Migahawa ya juu ya paa tuliiacha, bajeti haikuruhusu. Anayejua biriani nzuri upande wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, aniambie, Idi tunarudi.