Wetisuti ya 3/2 au 4/3 kwa Cape Town?

MtotoWaTanga
Wakuu, salaam. Nimehamia Cape Town na nimeanza kujifunza kuteleza mawimbini pale ufukwe wa Muizenberg. Kukodi kumenichosha, nataka wetisuti yangu mwenyewe (lile vazi la mpira la kuzuia baridi majini), na pesa inatosha moja tu. Muuzaji ananisukumia 3/2 kwa kuwa kiangazi kinaingia. Jamaa ninayekaa naye anasema 4/3. Nimsikilize nani? Kwetu Tanga unaingia na bukta tu mwaka mzima, mambo ya milimita ni mageni kwangu.

Lubumbashi_Majini
Karibu, kaka. Hizo namba ni unene wa neopreni, yaani ule mpira wa vazi, kwa milimita. 4/3 ina milimita 4 kifuani na mgongoni, 3 mikononi na miguuni ili viungo visibanwe. Muizenberg iko ndani ya ghuba ya False Bay, na kiangazi maji yake hucheza kwenye nyuzi 18 hadi 21. Hapo 3/2 inatosha kabisa. Tena kwa anayejifunza, anayepiga mikono muda wote kulivuka povu, wepesi wa mabega ni jambo kubwa. Kipupwe maji yakishuka hadi 14 au 15, utakodi 4/3.

DadaWaUbao
Lubumbashi, umemhesabia miezi ukasahau upepo. MtotoWaTanga, sikiliza. Upande wa Atlantiki (Big Bay, Llandudno, Long Beach ya Kommetjie) maji huwa baridi zaidi KIANGAZI kuliko kipupwe. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma siku mbili tatu mfululizo, husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na ya chini yenye baridi kali hupanda kuchukua nafasi. Jua linachoma, watu wanaota mchangani, wewe uko kwenye nyuzi 11 au 12.

Sasa shida iko hapa: upepo huohuo unaiharibu Muizenberg, kwa sababu huko unatoka baharini na kuyavunjavunja mawimbi. Atlantiki unatoka nchi kavu, mawimbi yanasimama vizuri. Kwa hiyo siku nyingi za kiangazi, ukishajua kidogo, utafuata mawimbi kwenye maji ya baridi. Mwenye 3/2 peke yake atakaa mchangani akitazama wenzake. Chukua 4/3.

Mzee_wa_Kusi
Nakubaliana na dada, ila mmeruka mishono. Kuna mshono bapa, uzi unatoboa neopreni pande zote mbili na maji yanapenya. Kuna uliogandishwa kwa gundi kisha ukashonwa bila kutoboa upande wa pili. 4/3 ya mshono bapa ni gunia tu. Bora 3/2 iliyogundishwa vizuri. Na ikubane! Ukiona nafasi kiunoni kwa nyuma au makwapani, maji yatakuwa yanaingia na kutoka, unene wote unapotea bure.

Ukienda kwenye mtumba, igeuze ndani nje ukague gundi, kisha ivute magotini na mabegani. Iliyokauka ikawa ngumu, iache hata wakupe kwa bei ya chai.

MtotoWaTanga
Ahsanteni sana. Dada, nikivaa 4/3 Muizenberg mwezi wa Januari si nitachemka? Na viatu vya neopreni vipi?

DadaWaUbao
Utatoka jasho ukiwa ufukweni, ndiyo. Majini ukizidiwa na joto, vuta shingo uingize maji kidogo, mambo yanaisha. Baridi haina dawa ya namna hiyo, ni kutoka tu. Viatu, Muizenberg chini ni mchanga, usijisumbue. Ukianza kwenda Atlantiki nunua vya milimita 3. Kofia iache kwanza.

Kuvaa: tia mguu kwenye mfuko wa plastiki kwanza, unateleza wenyewe. Ukitoka, suuza kwa maji baridi na uianike kivulini.

Lubumbashi_Majini
Mimi bado nipo na 3/2 😄 Huyu ndugu yetu bado anapigwa na povu, Llandudno ataifikia lini? Siku Big Bay ikimwita atakodi nzito. Anakodi mara chache, anavaa yake nyepesi siku nyingi.

MtotoWaTanga
Aliyenigusa ni Mzee wa Kusi. Kuna 4/3 ya mtumba nimeiona mtaa wa Observatory, Jumamosi naenda kuigeuza ndani nje. Gundi ikiwa imeachia, nachukua 3/2 mpya.