Bukavu: mvua ina kalenda, wakubwa wetu hawana

Bandugu wa humu, nitaandika kwa hasira. Wale wa kusema "punguza ukali" wapite tu, kuna nyuzi zingine.

Mvua kubwa ya juzi usiku imepita. Huku kwetu Kadutu, komini ya mji wa Bukavu, Kongo, ukuta wa jirani umelala juu ya jiko lake, njia ya miguu imekatika, na asubuhi watoto walienda masomo kwa kuzunguka mbali, maana pale wanapopitaga pamekuwa shimo. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna mkubwa aliyefika. Ndiyo kanuni ya mji huu: bila jeneza, hakuna msafara.

Mvua ya Bukavu siyo mgeni. Inaanza Septemba, inakwenda mpaka Mei. Muzee yeyote wa Bagira atakwambia hivyo bila kutazama simu. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi: makanivo (mifereji ya maji) yamekauka, udongo umeshikana, mtu anaweza kuchimba na kujenga bila kuteleza. Miezi mitatu mizima. Niambieni, kwenye avenyu yenu, kiangazi kilichopita, nani alishika chepe kwa amri ya mji?

Kuna salongo, kazi ya usafi ya watu wote, najua. Jumamosi tunafunga maduka, tunaingia kwenye kanivo, tunatoa potopoto (matope), masashe (mifuko ya plastiki) na chupa za plastiki. Halafu tunaiweka wapi? Pembeni ya kanivo hiyo hiyo! Tunaambiwa kamyo (lori) itapita kubeba. Kamyo haipiti. Mvua ya kwanza inashuka, inalisukuma lile rundo, linarudi ndani kama mtu anayerudi kwake kutoka sokoni. Jumamosi ingine tunaingia tena. Anayekosa salongo anatozwa amande (faini) siku hiyo hiyo, hapo hawasahau. Kamyo tu ndiyo wanasahau.

Kaka yangu mkubwa yuko Montréal, kule Kanada. Kule theluji inashuka karibu mita mbili ukijumlisha msimu wote. Nilimuuliza wanaishije. Akaniambia mji una karibu kilomita 10,000 za barabara na njia za miguu za kusafisha. Theluji ikizidi, wanasimika vibao vya rangi ya chungwa kukataza kuegesha magari, king'ora kinalia mtaani, na gari lisiloondolewa linavutwa, liwe la tajiri au la maskini. Kisha theluji inapakiwa kwenye malori inapelekwa sehemu zilizotengwa tayari. Moja ni shimo kubwa la zamani la kuchimba mawe, linaitwa Francon. Mmeelewa? Theluji haijashuka, na tayari inajulikana itapelekwa wapi! Sisi potopoto ya Kadutu haina anwani. Inajitafutia yenyewe: nyumba ya mtu, duka la mtu, ziwa.

Najua atakuja mtu hapa chini kuandika "wale wana pesa, siye hatuna". Sawa. Basi muwatazame na Buffalo, Marekani, Desemba 2022. Pesa ilikuwepo, mashini zilikuwepo, dhoruba ya theluji ilitangazwa siku kadhaa mbele. Lakini amri ya kukataza magari barabarani ilitoka asubuhi ile ile, watu wengi wameshatoka kwenda kazini. Zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo lile. Kuchelewa kunaua hata penye dola. Tofauti ni kwamba baadaye mji wenyewe uliagiza uchunguzi, ripoti ikatoka, ikaandika waziwazi palipoharibika.

Siye? Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, mafuriko yalipita: zaidi ya watu 400 wamezikwa, na wengine wengi mpaka leo hawajaonekana. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Nchi nzima ikaomboleza. Desemba mwaka ule ule, hapa hapa Bukavu, mvua ya usiku mmoja ikaua zaidi ya watu kumi, wengi Ibanda. Ripoti iko wapi? Mwenye nayo aiweke humu niisome, mimi sijawahi kuiona. Nilichoona ni mahema, mifuko ya unga, picha, na hotuba ya "watu wahame kwenye sehemu za hatari".

Wahame! Hapo ndipo damu yangu inachemka. Jirani yangu, mama mjane, amejenga mahali pabaya, hilo sikatai. Ila parsele (kiwanja) yake ina makaratasi. Alilipa, akapimiwa, akapigiwa muhuri na ofisi ya serikali. Miaka ikapita, wakaja watu wa ofisi nyingine ya serikali hiyo hiyo, wakachora X nyekundu ukutani: nyumba ya kubomolewa. Aliyeuza korongo hakuguswa. Na mama akiuliza "nihamie wapi?" wanaangalia pembeni. Kodi ya chumba Nguba anaiweza nani kati yetu?

Wanasema pia ni sisi tumejaza milima. Kweli tumejaza. Vita vya vijijini vimetukimbiza, tungejenga ndani ya ziwa? Na milima ile ina habari yake. Kule mtaa wa Funu ardhi inatembea, watafiti wameifuata kwenye picha za zamani za ndege na za satelaiti, kipindi cha miaka 70 hivi, wakachapisha mwaka 2022. Kuna sehemu zinasogea mita kadhaa kwa mwaka. Wakasema manyumba na maji yanayovuja kwenye mabomba na mifereji mibovu yanaelekea kuichochea. Kwa hiyo kuziba bomba linalovuja na kuongoza maji ya mabati ni kazi ya kuokoa watu, siyo urembo. Bomba la hapa juu kwetu linavuja tangu sikumbuki lini. Tumelipeleka kwa shefu wa avenyu, akatupeleka juu zaidi, huko juu wakatuambia turudi kwa shefu.

Na mwenye nyumba nzuri huko La Botte asijione salama. Takataka za makorongo yetu zinashuka ziwani, zinaelea mpaka mlango wa mto Ruzizi, zinabanana kwenye bwawa la umeme, mitambo inasimama, na giza linamfikia hata yeye. Amri ya kukataza masashe ya plastiki ilitiwa saini Desemba 2017. Nenda soko la Kadutu leo ununue nyanya, uone utafungiwa nini.

Iwe wakubwa wa zamani, iwe hawa wa sasa, sichagui. Kodi za usafi mfanyabiashara mdogo analipa kwa wote. Ninachotaka ni kidogo: kamyo ijulikane siku na saa yake baada ya salongo, pawepo mahali pa kumwaga potopoto, na wajulikane watu wa kupita usiku na megafoni makorongoni mvua inapokaza, maana simu nyingi hazina umeme saa hizo.

Haya, zamu yenu. Wa Panzi, wa Cimpunda, wa Nyamugo, wekeni picha ya kanivo yenu na mseme mara ya mwisho ilitolewa udongo lini. Kama yuko humu mtu wa ofisi yoyote inayohusika, ajibu kwa tarehe. Na atakayeandika "tuombe Mungu tu", ajue kanisani kwetu tunaomba kila siku, na bomba bado linavuja.